Washenga wa Mkunjo

Nchi hii aliyeifika hukawia kuisadiki, na asiyeifika hukawia kuacha kucheka. Kwa hiyo nitayasema kama alivyoyasema Mwanatumu binti Makame, dobi na mpika sabuni wa Pangani, mwanamke asiyejua kutia chumvi hata kwenye mchuzi wake. Alifikaje Mkunjo? Alifika. Wanaotaka habari za njia wakawaulize wapagazi.

Jambo la kwanza lililomduwaza ni namna watu wa huko wanavyozaliwa. Mtoto wa Mkunjo hutoka akiwa mrefu na mwembamba kama kamba ya kisima, ana mafundo mamia kwa mamia kutoka utosini hadi wayoni, na hakuna fundo hata moja lililowekwa kwa bahati. Habebwi wala halazwi. Wakubwa humzunguka wakanyamaza, na ile kamba huanza kujikunja yenyewe. Fundo hili hulitafuta lile, upande unaopenda mafuta hujificha ndani, upande unaopenda maji hubaki nje, na kabla chungu cha uji hakijachemka mtoto ameshakuwa mtu kamili mwenye umbo lake. Hakuna anayemfunza wala kumshika mkono. Mwanatumu, aliyemfunza mpwa wake kukunja shuka kwa miezi mitatu na shuka bado zikatoka kama zimetafunwa na mbuzi, alilitazama tukio hilo akalia machozi, na hakuona haya kulisema.

Umbo ndilo kazi. Aliyejikunja kama mkasi hukata, aliyejikunja kama komeo hufunga, na aliyejikunja kama upawa huchota. Mwenyeji wake, Bi Zinge, mtu mzima mwenye maneno machache na kicheko kikubwa, alikuwa amejikunja kama chetezo. Katikati ya mwili wake palikuwa na kishimo kimoja kikavu, chenye ukuta wa mafuta, na humo alibeba kaa la moto. Alipanda Mlima wa Pumzi akapewa kaa moja, akateremka nalo mtaa wa Bondeni, akaliacha kwenye jiko la mtu, akapanda tena. Alifanya hivyo tangu kuche hadi kuchwe, na Bondeni hapakuwa na moto mwingine ila huo.

"Sijapata kuona kazi ya heshima kama hii, Bi Zinge," Mwanatumu alimwambia siku ya pili.

"Heshima iko wapi, mwanangu? Nikichelewa wananitukana."

Ila watu hawa wana msiba mmoja, nao ndio chanzo cha sheria zao zote. Joto likizidi, mikunjo hulegea na upande wa mafuta hutokeza nje. Mtu aliyefunuka namna hiyo hung'ang'ania mwenzake yeyote aliyefunuka, wawili hunasa wa tatu, na punde huwa donge moja jeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Nje ya mji kuna Kilima cha Madonge. Watu hupita hapo wakitazama upande wa pili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurudi kutoka kwenye donge.

Sasa niwaeleze washenga, maana bila wao nchi ile ingekufa asubuhi moja. Ni watu wadogo, wafupi kuliko kidole cha mtu wa Mkunjo. Kichwa cha mshenga kinapenda maji na hakikauki, na mkia wake mrefu unapenda mafuta na hauvumilii maji hata tone. Kwa kuwa maji na mafuta ya huko hayaamkiani, kila neno kati yao hupitia kwa washenga, ndipo wakapata jina. Wao ndio wanaoyavunja mapande ya mafuta jikoni mpaka yakalika. Wao ndio waliosimama kwenye lango la Mlima wa Pumzi, juu ya utando wa maji ambao ungeligundisha lango lisifunguke tena, wakiulegeza kila lango linapovuta pumzi. Mwanatumu alisimama hapo nusu siku akiwatazama. Alipika sabuni miaka ishirini na sita akiamini kuwa kazi yake ni kuondoa madoa ya samli kwenye kanga, na siku hiyo alijiona mtu aliyekaa na mfalme jikoni akidhani ni mpishi.

Washenga wana adabu zao. Wakiwa wachache uwanjani, kila mmoja huzurura peke yake, mkia umekunjamana kwa dhiki. Hesabu yao ikifikia kiwango kinachojulikana, hapo hukaa mviringo mviringo, vichwa nje, mikia ndani, ikipashana joto. Akipungua mmoja hawakai. Serikali imemweka askari pale uwanjani, mwenye kofia ya manyoya, ambaye kazi yake ni kusema "Bado" wasipotimia na "Tayari" wakitimia. Mwanatumu alimuuliza kama washenga wangekosea endapo yeye angeugua. Askari alifikiri sana, akajibu kwamba swali hilo liko juu ya cheo chake.

Adabu ya pili ndiyo iliyoleta balaa, basi msikilize vizuri. Mshenga haingii kwenye mikunjo ya mtu ila kwa kuitwa. Wale wawili watatu wa mwanzo huingia kwa taratibu, wakishika mkono wa mwenyeji mlangoni. Lakini aliyekwisha kuingia ana haki ya kumwita mwenzake, na mwenzake naye humwita wake, na kila anayeingia huupanua mlango kwa ajili ya anayefuata.

Kwa Bi Zinge waliishi watatu. Mkubwa wao aliitwa Telezi, mshenga wa makamo mwenye sauti ya upole, aliyekaa kwenye ufa mdogo ubavuni mwa bibi huyo kwa miaka mingi. Siku za joto Telezi na wenzake hujibana kwenye nyufa, kichwa kimeshika nje na mkia umeshika ndani, wakamzuia Bi Zinge asilegee.

"Hulipwi, husifiwi," Mwanatumu alimchokoza. "Unapata nini, kaka Telezi?"

"Bibi mgeni, nyumbani kwenu mshenga akishaozesha watu hupata nini?"

"Sahani ya pilau, akiwahi."

"Basi mimi hata pilau sili."

Kabla ya balaa lenyewe ilimpasa Mwanatumu aripoti kwa Bwana Kadiri, Mkuu wa Ofisi ya Vipimo, kama wageni wote. Huyu alikuwa mtu safi, asiyepokea rushwa wala kupendelea jamaa, na nasema hivyo mapema ili msimchukie. Zamani watu wa Mkunjo waligombana bila kikomo nani mkubwa, maana mwembamba aliyejitanua huonekana mnene na mrefu aliyejibana huonekana mdogo. Kadiri ndiye aliyekata mzizi wa fitina. Aliwachukua washenga wakali kwa mamia, akawaingiza kwa mtu mpaka mikunjo yote ikaachana na mtu akanyooka kama uzi, kisha akampitisha kwenye kichaka kizito chenye matundu madogo. Wafupi hupenya wakafika mbali, warefu hukwama karibu. Hakuna hila inayofua dafu kichakani. Mwishowe mtu hupakwa rangi ya buluu ili aonekane vizuri, akatundikwa ukutani mahali pake.

Mwanatumu alionyeshwa ukuta huo, mistari ya buluu juu kwa chini, minyoofu, mizuri ajabu.

"Umbo linadanganya, bibi," alisema Bwana Kadiri. "Urefu haudanganyi. Tazama yule. Mafundo mia tano na themanini, hakuna anayebisha."

"Alikuwa akifanya kazi gani?"

"Alikuwa na mafundo mia tano na themanini."

"Nauliza kazi, Bwana Mkubwa."

"Ah," alisema Bwana Kadiri, na uso wake ulionyesha masikitiko ya kweli. "Hilo halikuandikwa."

Siku tatu baadaye likapiga joto la kupasua mawe. Bi Zinge aliamka viungo vimemlegea, akacheka kidogo, akasema leo atakwenda polepole. Telezi na wenzake wawili walikuwa wamejibana nyufani mpaka vichwa vimewavimba. Mwanatumu aliona kishimo cha makaa kinatikisika. Moyo wake ulimuuma, maana alikuwa ameshampenda mwanamke yule kama mama yake mdogo, na mkono wake ukatafuta dawa ambayo umekuwa ukiitumia maisha yake yote. Doa likikaidi, dobi hufanya nini? Huongeza sabuni. Kama washenga watatu wanamshika hivi, alijiambia, mia tatu watamshika kama chuma.

Kuuliza si ujinga, lakini hakuuliza. Alikwenda mbio uwanjani, akasimama mbele ya miviringo ya washenga, akapaza sauti: "Bi Zinge anawakaribisha nyote!"

Karibu ya huko hairudishwi. Miviringo ilifumuka. Washenga wa kwanza waliingia kwa Bi Zinge kwa adabu, mmoja mmoja, wakisema hodi. Telezi alipiga kelele kutoka ubavuni, "Msiite! Jamani, msiite wengine!" lakini kila aliyeingia alikwisha kumwita mwenzake, na kilichokuwa ufa kikawa mlango, kikawa lango. Walimiminika. Mikunjo iliyojipanga yenyewe siku aliyozaliwa ikaachana mmoja baada ya mwingine, na Bi Zinge akalala chini urefu wa barabara, kamba ya mafundo iliyofunikwa na washenga kutoka utosini hadi wayoni. Kaa alilokuwa amelibeba lilianguka vumbini likazimika.

Mwanatumu alijipiga kifua. "Nimemuua! Nimemuua mwenyeji wangu!"

Habari mbaya haina mguu lakini hufika. Punde Bwana Kadiri alikuja na utepe wake wa kupimia na makarani wanne, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota embe lisilo na mwenyewe.

"Ameshanyooka," alisema kwa furaha. "Kazi nusu imekwisha. Sheria inasema aliyenyooka yu chini ya Ofisi ya Vipimo. Mchukueni kichakani."

"Bwana Mkubwa, huyu ndiye moto wa Bondeni!" Mwanatumu alipiga magoti. "Ukimtia rangi ukamtundika, watu watapikia nini?"

"Bibi, kila mtu aliyetundikwa pale alikuwa moto wa mahali fulani. Nikimsamehe mmoja kwa sababu ana kazi, nitampima nani?"

Nakiri kwamba jibu hili lina uzito. Aliyelijibu ni Telezi. Katika mafuriko yale alikuwa ameteleza kutoka ubavuni, na sauti yake sasa ilitoka katikati kabisa, pale palipokuwa na kishimo cha makaa.

"Bwana Mkubwa, nina neno. Bi Zinge hapungui urefu. Ukimpima leo, ukimpima mwakani, mafundo ni yaleyale. Jiko la Bondeni je, nalo litasubiri?"

Bwana Kadiri aliufikiri utepe wake. Alikuwa mtu wa haki, na haki ikimbana hakukimbia. "Majiko yao yana makaa ya kufika saa ngapi?"

"Mpaka jua la utosini."

"Basi mpaka jua la utosini. Likipita kabla hajajikunja na kushika kaa, nitamchukua, na hapo nisiombwe tena." Akaketi juu ya jiwe, makarani wakamfungulia mwavuli.

Mwanatumu alichukua ufagio. "Tokeni! Tokeni nyote sasa hivi!"

"Weka ufagio, bibi," alisema Telezi. "Tazama nyuma yako."

Alitazama. Kando ya barabara walisimama majirani, wamelegea kwa joto, kila mmoja ametokeza kidogo upande wake wa mafuta, na bila kutaka walikuwa wakisogea kuelekea ile kamba iliyolala.

"Tukitoka kwa mpigo atabaki wazi mwili mzima," Telezi alisema. "Watashikana naye kabla hujafumba jicho, na donge lile utalipeleka Kilimani wewe mwenyewe. Sisi ndio tuliomvua, na sisi ndio nguo yake sasa. Tunatakiwa tutoke mmoja mmoja, polepole, yeye akijikunja nyuma yetu. Na hatuwezi kutoka wenyewe. Mshenga aliyeonja mafuta mkia wake hausikii amri. Nenda Uchochoro wa Sukari, kamwite Bi Guru."

Mwanatumu alikimbia. Wanawake wa Uchochoro wa Sukari ni watu wa ajabu kuliko wote niliowataja. Kila mmoja ni pete ya viungo saba, utamu na umaji viko nje, na katikati pana tundu kavu linaloutosha mkia wa mshenga mmoja, hauzidi. Bi Guru, mkubwa wao, alikuja na kundi lake bila kuuliza nani mwenye makosa. Mwanatumu aliukumbuka wema huo maisha yake yote.

Walianza wayoni. Bi Guru alijisogeza kwa mshenga wa kwanza, akampa tundu lake, mkia ukaingia, mshenga akaachia. Akaja mwanamke wa pili na wa tatu. Pale walipoondoka washenga kumi, mafundo mawili yaligeukiana. Mkunjo mdogo ulijifunga wayoni, kisha wa pili, kisha utepe mzima wa mafundo ukajizungusha kama msuko wa nywele, bila mkono wa mtu. Majirani walipokaribia walikuta vichwa vya washenga waliobaki vimejipanga nje, vyenye maji, na hawakupata pa kushika.

Kufika kiunoni, mkunjo mmoja ulikwenda mrama. Mafundo yasiyohusiana yalishikana, na Mwanatumu akanyoosha mkono ayatenganishe.

"Ondoa mkono!" Bi Guru alifoka. "Unajua kukunja wewe?"

"Najua shuka."

"Huyu si shuka. Anajua mwenyewe. Washenga wawili warudi hapo, wamlegeze, ajaribu tena."

Wawili walirudi, mkunjo ukaachia, ukasita, ukapata njia yake. Mwanatumu aliikunja mikono yake nyuma ya mgongo akaishika kwa nguvu, na huo, anasema, ulikuwa msaada mkubwa kuliko wote aliowahi kumpa mtu. Hata Bwana Kadiri alikuwa amesimama kutoka kwenye jiwe lake. Alikuwa amenyoosha watu elfu na hakuwahi kumwona hata mmoja akirudi.

Jua lilikuwa limebakisha kidogo kufika utosini. Bi Zinge alikuwa karibu mzima, mabega, kiuno, mgongo, kila kitu mahali pake, isipokuwa kishimo cha makaa hakijafunga. Ndani yake alibaki mshenga mmoja.

"Telezi," Bi Guru aliita, akasogeza tundu lake.

Mkia haukusogea.

"Telezi, kaka yangu. Jua."

"Nimelisikia, dada." Sauti ilikuwa ndogo. "Miaka yote nimekaa kwenye ufa, kichwa majini, mkia nusu ndani nusu nje. Sikujua huku ndani pakoje. Hapana maji hata tone, dada. Mkia wangu umenyooka kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe."

Mwanatumu alitaka kusema, toka, watu wanakufa njaa. Alitaka pia kusema, kaa, umestahili. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni.

"Ukikaa, hakuna kaa litakaloingia," alisema Bi Guru kwa upole.

"Najua. Ningekuwa sijui, ningekaa."

Mkia ulitoka polepole kama uzi unaotolewa kwenye kidonda, ukaingia kwenye tundu la Bi Guru. Kishimo kikafunga ukuta wake. Karani aliyekuwa ametumwa mbio Mlimani kuchukua kaa alifika anahema, akaliweka. Lilikaa. Halikutikisika.

Bi Zinge alifumbua macho, akawatazama wote. "Mmenizunguka kama maiti, kuna nini? Jua limefika wapi? Ole wangu, Bondeni watanitukana!" Akainuka, akajifuta vumbi, akateremka kuelekea Bondeni kwa mwendo wake wa siku zote, hakugeuka nyuma.

Bwana Kadiri alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Alifungua kitabu chake, akakaa na kalamu mkononi muda mrefu, kisha akaandika neno moja, "Abeba", na makarani wakatazamana kwa hofu kwa kuwa kitabu hicho hakikuwa na safu ya maneno.

Mwanatumu alichutama karibu na Bi Guru, akainamia lile tundu. "Nisamehe, kaka Telezi. Haya yote niliyaleta mimi."

"Yameshapita, bibi mgeni. Niambie, mimi kutoka humu sioni. Amefika?"

Chini, jiko la kwanza la Bondeni lilikuwa limeanza kutoa moshi. "Amefika."

"Ameniulizia?"

Mwanamke yule hakujua kusema uongo, na siku hiyo alitamani angejua. "Hapana. Hakumuulizia mtu."

Telezi alishusha pumzi, na Mwanatumu anaapa kwamba alikuwa akicheka.

"Basi amepona kabisa," alisema.